Mwongozo kamili: kudai data yako, kuomba data ya serikali na kuitumia bila kujitia matatani (Kenya)

Mama mmoja wa mtaani kwetu aliingia hapa saiba na simu mkononi akaniambia "kijana hebu nisomee hii, mimi nimeisoma mara tatu sielewi naambiwa nini." Ilikuwa meseji ya apu ya mkopo, inamtaka amwambie fulani alipe leo kabla ya saa kumi la sivyo atajuta. Yeye mwenyewe hajakopa hata shilingi. Huyo fulani ni mtoto wa kaka yake, alipoiweka ile apu kwenye simu akabonyeza kubali, kubali, kubali, apu ikazoa namba zote zilizokuwa ndani na ya shangazi mtu ikiwemo.

Wiki hiyo hiyo akaja mzee fundi seremala na shida nyengine kabisa. Yeye anataka kujua pesa za basari (za kusaidia karo za wanafunzi) za wadi yao zimeenda shule gani na ni ngapi, kaenda ofisini kaambiwa "mzee hiyo ni data ya watu, sheria hairuhusu."

Yaani apu inasambaza kitu isichotakiwa hata kukigusa, ofisi inaficha kitu inachotakiwa kutoa, na mwananchi amekaa katikati hajui amjibu nani nini manake sheria zenyewe ni mbili na kila mtu anazichanganya, wengine kwa kutojua na wengine wanajua sana. Ntazitenganisha hapa, kisha nikuonyeshe barua inaandikwaje, inapelekwa wapi, unasubiri siku ngapi, na ukishapata hizo data ufanye nini nazo. Mimi si wakili, mimi ni mtu wa kuprinti na kuwajazia watu fomu, lakini hizi barua nimeziandika nyingi na nshajua zinakwama wapi. Kesi yako ikiwa kubwa, ya pesa nyingi ama ya polisi, tafuta wakili.

KWANZA JUA UMESIMAMA UPANDE GANI

Katiba ya 2010 ina vifungu viwili hapa. Kifungu cha 31 kinakulinda wewe, kwamba mambo ya familia yako na ya faragha yasiulizwe wala kufichuliwa bila sababu. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari zinazoshikwa na serikali, na hata zinazoshikwa na mtu binafsi kama unazihitaji ili kutekeleza ama kulinda haki fulani. Hicho hicho cha 35 kinasema habari ya uongo ama ya kupotosha iliyoandikwa juu yako una haki irekebishwe ama ifutwe, hiki kipande watu wengi hawakijui.

Kila kifungu kikazaa sheria yake. Cha 35 kikazaa Sheria ya Upatikanaji wa Habari, nambari 31 ya 2016, na anayeisimamia ni Ombudsman, ile Tume ya Haki ya Utawala yenye msemo wa "hata mnyonge ana haki". Cha 31 kikazaa Sheria ya Ulinzi wa Data, nambari 24 ya 2019, iliyoanza kazi tarehe 25 Novemba mwaka huo, na mwenye nayo ni ofisi ya Kamishna wa Data. Kamishna wa kwanza ni Immaculate Kassait, aliingia ofisini Novemba 2020. Kanuni za kuitekeleza zikaja 2021.

Kujua shida yako ni ya sheria gani, jiulize hivi: hii habari inamhusu mtu anayeweza kutambulika, ama inahusu kazi na pesa za umma? Sensa ya 2019 ilitupata watu 47,564,296. Hiyo namba ni ya kila mtu, iandike, ichapishe, ichoree grafu. Lakini majibu ambayo nyumba yako ilimpa yule kijana wa kuhesabu hayatolewi kwa mtu yeyote yakiwa na jina lako. Data ni ile ile moja, ikishajumlishwa inakuwa ya umma, ikiwa bado iko mtu kwa mtu ni ya mtu.

Kazi ngumu iko kwenye mchanganyiko, kama basari, manake pesa ni za umma lakini waliopewa ni watoto wa watu. Hapo ndipo ofisi zinapojificha na nitaparudia.

NJIA YA KWANZA: DATA YAKO IMETUMIWA VIBAYA

Turudi kwa yule mama. Kitu cha kwanza alichotaka kufanya ni kufuta ile meseji kwa uchungu, nikamshika mkono. Usifute. Usimpigie mtu wa apu ukamtukana pia, atakurekodi na kesi itageuka.

Hatua ya 1, weka ushahidi. Piga skrinshoti inayoonyesha namba iliyotuma, tarehe na saa, meseji nzima hata kama ni ndefu (piga 2 ama 3 zipishane kidogo ili ionekane hujaruka mstari). Kama wamekupigia, piga skrinshoti ya orodha ya simu zilizoingia. Andika pembeni kwenye karatasi siku gani ulipigiwa na uliambiwa nini, maneno yenyewe vile yalivyosemwa. Kisha jitumie kwa imeli, simu hupotea.

Hatua ya 2, mjue ni nani. Jina la apu mara nyingi si jina la kampuni. Ingia pale apu inapopakuliwa usome jina la mwenye kuitengeneza chini kabisa, fungua sera ya faragha utafute jina la kampuni na imeli. Benki Kuu huchapisha orodha ya wakopeshaji wa kidijitali waliopewa leseni, angalia kama wamo. Kanuni za Benki Kuu za Machi 2022 zinamkataza mkopeshaji kuingia kwenye orodha ya namba za mteja ili kuwatumia watu meseji mkopo ukichelewa. Kwa hiyo huyo mama alikuwa na sheria mbili mkononi, ya Benki Kuu na ya data, na asiyekuwemo kwenye orodha ya leseni ndio kabisa hana pa kusimama.

Hatua ya 3, waandikie wao kwanza. Watu hupenda kuruka hii wakakimbilia kwa Kamishna ama mtandaoni, lakini hii barua ndiyo inayoanzisha siku kuhesabika na ndiyo utakayoulizwa baadaye. Iwe fupi. Ya yule mama ilikuwa hivi:

"Mimi si mteja wenu na sijawahi kuwapa idhini ya kushika wala kutumia namba yangu ya simu. Tarehe ____ saa ____ mlinitumia ujumbe nilioambatanisha hapa. Kwa mujibu wa kifungu cha 26 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, naomba (1) mniambie mna data gani yangu, mliipata wapi na mmempa nani, (2) muache kuitumia mara moja, (3) muifute na mnithibitishie kwa maandishi kwamba mmeifuta."

Hapo kwenye "mliipata wapi na mmempa nani" pakazanie, watu huomba kufutiwa tu wakasahau kuuliza imefika wapi, sasa hawa wamefuta na wale waliouziwa bado wanayo.

Siku zenyewe, kwa kanuni za 2021: ombi la kuona data yako wanatakiwa kulitimiza ndani ya siku 7 na ni bure, la kurekebisha ama kufuta ni siku 14. Ukitaka wakupe data yako katika mfumo wa kuhamisha kwenda kwa kampuni nyengine ni siku 30. Usikubali kuambiwa lipia ada ya kufungua faili.

Na wakikujibu "ulikubali vigezo na masharti", jibu lao dogo hilo. Kifungu cha 32 cha hiyo Sheria ya Ulinzi wa Data kinasema mzigo wa kuthibitisha idhini ni wa anayetumia data, yeye ndiye aonyeshe ulikubali lini na ulikubali nini, tena hata kama ulikubali kweli unaweza kuiondoa idhini wakati wowote. Kwa yule mama hata hapo hatukufika, manake idhini ya mtoto wa kaka haiwezi kuwa idhini ya shangazi.

Hatua ya 4, siku zikipita kimya, peleka malalamiko kwa ofisi ya Kamishna. Unaweza kujaza mtandaoni, kuandika imeli, ama hata kusema kwa mdomo na wao wanatakiwa wakuandikie, sheria imesema hivyo, kwa hiyo mtu asiyejua kusoma asirudishwe mlangoni. Hakuna malipo. Ambatanisha skrinshoti, barua uliyowatumia na jibu lao kama lipo. Uchunguzi unatakiwa kumalizika ndani ya siku 90. Ukipewa namba ya malalamiko iandike mahali tatu.

Na kama unadhani ni kupoteza muda tu, Septemba 2023 Kamishna alitoa faini 3 kwa mpigo. Kampuni ya Mulla Pride, wenye apu za KeCredit na Faircash, shilingi 2,975,000 kwa kutumia namba za watu waliopatikana kwa wengine na kuwatumia vitisho, yaani kesi ya huyu mama kabisa. Klabu ya Casa Vera shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Na shule ya Roma ya Uthiru shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Kwa mujibu wa sheria faini ya utawala hufika hadi milioni 5 ama asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliopita, ile iliyo ndogo kati ya hizo mbili (hapo kwa "ndogo" mimi huwa nachekea mbavuni, kampuni kubwa imepewa afueni waziwazi). Juu ya faini, kifungu cha 65 kinakuruhusu kudai fidia yako wewe.

Usiporidhika na uamuzi, njia ni Mahakama Kuu.

Kitu kimoja nje ya mkopo: jina lako likiwa limechafuka kwenye kampuni za kumbukumbu za mikopo, ripoti yako una haki ya kuipata bure angalau mara moja kwa mwaka, na ukikuta deni ulilolipa bado limekaa pale unalipinga kwa maandishi kwa njia hii hii. Hivyo hivyo 2021, watu wakaingia eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, wakajikuta ni memba wa vyama vya siasa ambavyo hawajawahi hata kuvuka mlango wao. Kamishna alipokea malalamiko kibao. Ukijikuta umo, jitoe na uulize kitambulisho chako walikipata wapi, mimi jicho langu liko kwenye yale madaftari ya getini ambapo kila jengo unaandika jina, namba ya kitambulisho na simu, na ukigeuza ukurasa unaona ya waliopita wote.

NJIA YA PILI: UNATAKA DATA YA SERIKALI

Sasa mzee seremala.

Kitu cha kwanza, angalia kama haijawekwa hadharani tayari, isije ukaandika barua ya kuomba kitu kilichoko mtandaoni. Sheria zote na hukumu ziko bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Shirika la Takwimu lina ripoti za sensa na tafiti, na data ghafi ya tafiti nyingi unaipata ukijisajili na kusema utaitumia kwa nini. Kuna pia ile tovuti ya data huria iliyozinduliwa na Rais Kibaki tarehe 8 Julai 2011, wakati ule Kenya ilisifiwa dunia nzima, usitegemee tu kwamba kila kitu mle ni kipya. Bajeti na ripoti za mkaguzi mkuu wa hesabu nazo zimo mitandaoni. Ya basari ya wadi moja haikuwepo popote, kwa hiyo tukaandika.

Na ombi linaandikwa kwa Kiingereza ama Kiswahili, kifungu cha 8 cha Sheria ya Upatikanaji wa Habari kimetaja lugha zote mbili. Nasema hivi kwa sababu nimeona karani anamrudisha mtu ati "andika kwa Kiingereza". Mwonyeshe hicho kifungu. Asiyeweza kuandika, afisa anatakiwa kumsikiliza na kumwandikia.

Barua inaenda kwa mkuu wa taasisi, yeye ndiye afisa wa upatikanaji wa habari kisheria hata kama kamwachia mwengine kazi. Kwa kaunti tukaandikia Katibu wa Kaunti. Hii hapa, ikopi:

"KUH: OMBI LA HABARI KUHUSU BASARI YA WADI YA ____, MWAKA WA FEDHA ____

Mimi ni raia wa Kenya. Kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari, nambari 31 ya 2016, naomba nakala za:
(a) jumla ya pesa zilizotengewa na zilizotolewa kwa wadi hii;
(b) jedwali la shule zilizopokea, idadi ya wanafunzi kwa kila shule, na kiasi kilicholipwa kila shule pamoja na tarehe ya malipo;
(c) vigezo vilivyotumika kuchagua, na kumbukumbu za kikao kilichopitisha orodha.
Siombi majina wala taarifa za kumtambulisha mwanafunzi yeyote.
Naomba zitumwe kwa imeli ____ katika faili ya Excel ikiwezekana."

Huo mstari wa "siombi majina" ndio ulioua ile hadithi ya "ni data ya watu". Mzee alikuwa anataka majina kwa kweli, alitaka aone kama mtoto wa fulani yumo. Tulibishana hapo nusu saa, chai ikapoa. Nikamwambia mzee ukiomba majina ya watoto unawapa mlango wa kukataa barua yote, na pesa zenyewe unaweza kuzifuata bila jina hata moja, shule ikisema ilipokea 40 na kaunti ikisema ililipa 65 umeshamaliza. Akanung'unika lakini akakubali.

Mambo ya kuangalia kabla hujatuma. Usieleze kwa nini unataka, sheria inasema haki yako haiguswi na sababu uliyotoa wala na kile ofisi inachodhani ndicho sababu yako, na kila sentensi ya malalamiko unayoongeza inampa afisa kitu cha kubishana nacho. Omba nakala za vitu, usiulize maswali, manake "kwa nini mlimnyima mtoto wangu" si ombi la habari. Taja mwaka na mahali. Na usiombe "nyaraka zote kuhusu basari tangu ugatuzi uanze", watakuandikia ni nyingi wanaongeza muda na wana haki.

Prinda nakala 2. Peleka mwenyewe, wakupigie muhuri wa kupokea kwenye nakala yako wenye tarehe. Mzee mara ya kwanza alirudi bila muhuri, "yule binti ameniambia iache tu hapo juu ya meza". Nikamrudisha siku hiyo hiyo. Bila muhuri hujaandika kitu. Ukituma kwa imeli, omba wakujibu kwamba wamepokea, na imeli yenyewe ibaki kwenye zilizotumwa.

Kuomba hakuna ada. Wanaweza kukutoza gharama ya kutoa kopi na kutuma tu, na iwe ya kiasi.

Siku sasa, zibandike ukutani:

- Jibu linatakiwa haraka iwezekanavyo na lisizidi siku 21 tangu kupokelewa.
- Kama habari inahusu uhai ama uhuru wa mtu (kwa mfano ndugu yako amekamatwa hujui yuko kituo gani), ni saa 48.
- Wakisema ni nyingi wanaweza kuongeza mara moja, siku zisizozidi 14.
- Kama umekosea ofisi, wao wenyewe wanatakiwa kulihamisha ombi kwa ofisi husika ndani ya siku 5, sio kukuambia "nenda kule".
- Siku zikipita kimya, inahesabika wamekukatalia.

Wakikataa lazima waandike sababu na wakwambie utakata rufaa wapi. Sababu za kukataa zimeorodheshwa kifungu cha 6: usalama wa taifa, kuhatarisha maisha ya mtu, kuingilia faragha isivyostahili, siri za biashara na kadhalika, lakini hata hapo faida kwa umma ikizidi madhara habari inatoka. Kwa hiyo ukiambiwa "ni siri" kwa mdomo, jibu lako ni moja, "naomba mniandikie ni kwa sababu ipi kati ya zile za kifungu cha 6." Nimeona faili zinapatikana ghafla baada ya sentensi hiyo. Kama shida ni ukurasa mmoja ama safu moja, waambie waifiche hiyo wakupe iliyobaki.

Usiporidhika una siku 30 tangu ulipojulishwa kupeleka kwa Ombudsman akague uamuzi. Barua nyengine fupi, unaambatanisha ombi lenye muhuri na jibu lao. Ombudsman anaweza kuamuru habari itolewe, na asiyeridhika anaenda Mahakama Kuu.

Hii sheria inafika hata kwa wasio serikali. Kampuni inayotoa huduma ya umma, inayotumia pesa za umma, ama yenye habari nzito kuhusu mazingira, afya ya umma ama ufisadi, nayo inaweza kuombwa. Ila muombaji awe raia, mgeni hana hii njia.

Sisi wa Mombasa tuna mfano wetu. Mikataba ya reli ya SGR ilifichwa miaka, serikali ikiambiwa lete inasema imefungwa na masharti ya siri. Wanaharakati Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo wakaomba kwa barua, wakanyimwa, wakaenda mahakamani hapa hapa Mombasa, na tarehe 13 Mei 2022 Jaji John Mativo akaamuru wapewe. Novemba mwaka huo waziri mpya wa uchukuzi Kipchumba Murkomen akachapisha mikataba ya mikopo. Ile kesi yote, na mawakili wote wale, ilisimama juu ya barua ya kuomba kama hii ya mzee.

UMEIPATA, SASA UIFANYIE NINI

Hapa ndipo watu wazuri wanapojichoma. Kupewa data si ruhusa ya kuimwaga yote.

Maandishi ya sheria na hukumu za mahakama hayana hakimiliki Kenya, chapisha, tafsiri, uza kitabu ukitaka. Ripoti nyengine za serikali zina mwenyewe, ambaye ni serikali, lakini namba zenyewe za ndani, idadi ya watu ama kiwango cha pesa, hakuna mtu anayemiliki ukweli, wewe taja ulikozitoa na mwaka wake na usikopi ripoti nzima ukaiweka jina lako. Ukikuta tovuti imeandika masharti ya matumizi yasome, ni dakika 5.

Yenye watu ndani ni habari nyengine. Sheria ya 2019 inasema data ikikusanywa kwa kazi fulani isitumike kwa kazi nyengine isiyolingana nayo. Kwa hiyo namba za wazazi kwenye grupu ya WhatsApp ya darasa haziwi soko lako la kuuzia unga, kifungu cha 37 kinataka idhini ya wazi kabla hujatumia data ya mtu kibiashara, ama uwe umeruhusiwa na sheria na mwenyewe anajua. Zipo pia zile nyeti, afya, imani, kabila, alama za vidole, ndoa, majina ya watoto wako na wazazi wako, na Kenya wameongeza hata maelezo ya mali ya mtu. Hizo zishike kama makaa.

Yako ya nyumbani tu, namba za jamaa, picha za harusi kwenye albamu, hiyo sheria haikufuati. Uandishi wa habari nao una nafasi yake ukiwa na maslahi ya umma, na utafiti pia, mradi matokeo yasitoke yakimtambulisha mtu.

Kuficha majina kunahitaji macho. Faili aliyopewa mzee ilikuwa ya Excel, safi kabisa, shule na idadi na pesa. Nikaona herufi za safu juu zinaruka, A, B, C kisha G. Nikachagua safu zote nikabonyeza onyesha zilizofichwa, zikafunguka: jina la mwanafunzi, jina la mzazi, namba ya simu. Ofisi ilizificha ikadhani imezifuta. Mzee macho yakamtoka. Nikazifuta hapo hapo mbele yake, tukahifadhi upya, na tukawaandikia imeli kuwaambia faili yao inavuja, wao wana saa 72 za kumjulisha Kamishna kukiwa na hatari kwa wenye data.

Ukificha mwenyewe fanya hivi: futa safu, usiifiche. Kwenye PDF usichore boksi jeusi juu ya jina ukaishia hapo, mtu anakopi maandishi yaliyo chini anabandika kwengine yanasomeka, kwa hiyo prinda kisha iskani upya. Angalia vijumla vidogo, "shule fulani, mwanafunzi 1, mlemavu, kidato cha 3", hapo hujaandika jina lakini kijiji kizima kimeshamjua, unganisha na shule ya jirani ama andika "chini ya 5". Na picha ya mtoto usiiweke bila ridhaa ya mzazi, umeona faini ya ile shule hapo juu.

NA WEWE MWENYE DUKA, SAIBA, CHAMA

Ntasema langu kabla hujanicheka. Mashine namba 3 hapa kwangu, kijana kaketi kutafuta kazi, akafungua folda ya vilivyopakuliwa akakuta kitambulisho cha mtu, cheti cha KRA na barua ya hospitali ya mtu mwengine. Vya wateja wangu, vya miezi. Akaniita kwa upole, "bro, hivi viko wazi." Tangu siku hiyo kila jioni kabla ya kufunga nafuta mashine zote, na mtu akituma kitu WhatsApp ya saiba nikishaprinti nafuta akiwa anaona.

Usajili kwa Kamishna wa wanaoshika data za watu ulianza 14 Julai 2022. Ukiwa na mauzo chini ya milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10 umesamehewa kujisajili, isipokuwa kazi zilizotajwa kama za afya, elimu na kampeni za siasa, hizo hata ukiwa mdogo unajisajili. Kusamehewa usajili hakukusamehe sheria yenyewe. Daftari la chama liwe na mtu mmoja wa kulishika, na lile la getini weka karatasi inayofunika mistari ya waliotangulia, gharama yake ni katoni moja na wembe.

Walio Tanzania, kwenu neno ni taarifa: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, namba 11 ya 2022, ilianza kazi 1 Mei 2023 na ina Tume yake, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, ya Bara, inatoa siku 30 za kujibu. Barua yenyewe haitofautiani sana, badilisha majina ya sheria na siku.

Yule mama, siku ya 9 alipata imeli ya mistari miwili kwamba namba yake imefutwa, bila kumwambia ilipatikana wapi. Swali la kwanza hawakulijibu, kwa hiyo limeenda kwa Kamishna na namba ya malalamiko ameiandika kwenye kalenda ya jikoni. Mzee naye jedwali lake alilipata siku ya 19. Akalibeba shule kwa shule na baiskeli yake, akimuuliza bursa, yule mshika pesa wa shule, walipokea ngapi na ya lini, na shule 2 hesabu hazilingani. Jana kaja tena, kavuta kiti, kasema weka karatasi kwenye mashine tuandike nyengine.